Swali la Jirani

Watu wa mtaa walimpa jina la Dodoso, na kama ilivyo kwa majina ya namna hiyo, lilimganda kabla hajapata nafasi ya kulikataa. Alilistahili. Hakuna mtu aliyepata kukaa naye akaondoka bila kutoa maoni yake kuhusu chumvi, viberiti, basi la asubuhi au daktari wa meno. Mama mkwe wake alikuwa akisema kwamba mke huyu wa mwanawe angefaa sana upolisi, ila polisi huuliza wakiwa na kesi, na huyu huuliza hata pasipo na kesi.

Kazi yenyewe hakuitafuta. Alikuwa amemaliza shule na kukaa nyumbani hadi wenye nyumba wakaanza kumwangalia wakati wa kupakua chakula, ndipo kampuni moja ya utafiti wa soko ikatangaza nafasi za vibarua. Walitaka vijana wenye viatu imara na sura isiyotisha. Sura alikuwa nayo, viatu akaazima kwa dada yake. Wakapewa rundo la karatasi za maswali, sabuni mpya ya kufulia wakaigawe nyumba kwa nyumba, na onyo: uliza kama ilivyoandikwa, usiongeze neno wala usipunguze. Baada ya wiki wangerudi kwenye nyumba zile zile, na kila mama angeipa sabuni alama, kuanzia moja hadi kumi.

Waliporudi, sabuni ilifaulu kuliko mwanafunzi yeyote wa mtaa ule. Nane, tisa, tisa, kumi. Kila mlango waliobisha walikaribishwa kwa kiti na maji ya kunywa, na kila aliyeulizwa alisifu. Walioutunga utafiti ule walikuwa watu wasomi, tena makini, na walikuwa wamefikiria kila kitu isipokuwa jambo moja ambalo hata mtoto mdogo analijua: mtu akikuletea zawadi, akaketi kwenye kiti chako na kunywa maji yako, humwambii kwamba zawadi yake ni mbovu. Unamsifu, unamsindikiza, kisha unarudi ndani kuwaambia wenzako.

Dodoso naye aliandika nane na tisa zake kama wenzake, mpaka alipofika kwa mama mmoja aliyekuwa akianika nguo. Yule mama alitoa tisa. Kazi ilikuwa imekwisha hapo, ila Dodoso miguu ilimuuma na kiti kilikuwa kizuri, basi akatafuta la kuzungumza ili asiinuke upesi.

"Na jirani yako hapo, mama, unafikiri ataipenda?"

"Nani, huyo?" Mama akabana shati kwenye kamba, akashusha sauti. "Huyo hawezi kuipenda, mwanangu. Atakwambia inakwaruza mikono. Atasema povu haina, halafu nguo zinanuka kama choo kilichotoka kusafishwa."

Dodoso akamtazama mikono yule mama. Ilikuwa imechubuka kwenye vifundo vya vidole. Akashukuru, akaenda kwa huyo jirani, ambaye aliipa sabuni kumi kamili, na alipoulizwa kuhusu mwenzake anayeanika nguo akasema maskini yule ana ngozi laini, sabuni hii itammaliza.

Maneno hayo Dodoso aliyaandika pembeni mwa karatasi, na msimamizi akamfokea kwa kuchafua kazi. Sabuni ikaingia sokoni kwa mbwembwe zote. Ikakaa kwenye rafu za maduka mpaka pakiti zake zikapauka kwa jua. Kampuni ikaanza kutafuta wa kumlaumu, na katika kupekua huko wakakuta karatasi zenye maandishi ya pembeni. Vibarua wengine wakashukuriwa kwa utumishi wao, yaani wakafukuzwa. Dodoso akapewa meza.

Swali lake likapewa jina refu la kisomi, na bosi wake akawa analibeba kwenye mikutano ya mbali kana kwamba alizaliwa nalo. Dodoso hakuona sababu ya kugombea swali. Aliendelea kuliuliza tu, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu lilikuwa halichoki kufanya kazi. Mtu ukimuuliza habari zake mwenyewe huvaa kwanza nguo za kutokea, lakini habari za jirani huzizungumza akiwa na nguo za nyumbani. Ndivyo Dodoso alivyokuja kujua kwamba jirani wa kila mtu hamalizi dozi ya dawa, kwamba jirani wa kila mtu hununua gazeti kwa ajili ya picha, na kwamba jirani wa kila mtu, akiishiwa na wa kuzungumza naye, hupiga simu kituo cha huduma kwa wateja kuulizia kitu anachokijua.

Akapanda ngazi, kidogo kidogo, hadi benki moja kubwa ikamchukua na kumpa cheo cha Mkuu wa Uzoefu wa Mteja. Mama yake mzazi alipoelezwa cheo hicho alikirudia neno kwa neno. "Sasa mwanangu," akauliza, "umekuwa mteja wao tangu lini hata wakuone una uzoefu?" Dodoso alijaribu kueleza, kisha akaona ni rahisi zaidi kusema kwamba anafanya kazi benki.

Jambo la kwanza alilokabidhiwa lilikuwa mashine za nyuso. Karibu na mlango wa kila tawi benki ilikuwa imeweka vitufe vitatu: uso wa kijani unaocheka, wa njano uliokaza midomo, na mwekundu ulionuna. Mteja akitoka abonyeze uso unaofanana na moyo wake. Tawi moja lilikuwa likiongoza kwa furaha miezi mfululizo, na meneja wake alikwisha kupewa kombe. Dodoso akaenda kuliona kwa macho tawi hilo la peponi. Alikuta foleni imejikunja ndani kama utumbo, dirisha moja liko wazi na mengine yamefungwa, na mlangoni yuko mlinzi mpole sana. Kila mteja aliyetoka akisonya, mlinzi alimfungulia mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akabonyeza kijani.

"Kaka," Dodoso akamuuliza, "mbona unabonyeza wewe?"

"Wanatoka na hasira, mama, wanasahau," mlinzi akasema. "Mimi nawasaidia."

Dodoso akaandika ripoti. Wakubwa waliisoma wakasikitika sana, kisha wakauliza kama inawezekana matawi mengine nayo yapate mlinzi wa namna ile.

Lakini hapo benki alijifunza jambo moja la kweli, nalo lilikuwa habari ya saba. Wateja walipigiwa pia simu waipe huduma alama, moja hadi kumi. Mteja anayetoa mbili au tatu ana kelele, anagonga dirisha, anataka kumwona meneja, anaapa kwamba leo ndiyo mwisho. Miaka kumi baadaye bado yupo, bado anagonga. Wa saba hana neno. Ukimuuliza huduma ikoje atakwambia ni sawa tu, atatabasamu, atashukuru, na mwezi unaofuata akaunti yake haina kitu na simu yake haipokelewi. Saba ni alama ya mstaarabu aliyekwisha kuamua. "Mniogopee saba," Dodoso aliwaambia vijana wake kila walipoanza kazi, nao wakacheka, kisha baada ya muda wakaacha kucheka.

Na nyumbani kwake, mganga hajigangi, Dodoso aliishi na saba.

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mwenye karakana yake mwisho wa barabara, mtu ambaye angeweza kuweka sikio kwenye jokofu la mtu na kujua linaumwa nini, lakini yeye mwenyewe akiumwa hakuna aliyejua. Chakula kimekuwaje, Fundi? Sawa tu. Na haya mapazia? Sawa tu. Binti yao alipoleta mchumba ambaye Fundi hakuwa amemzoea hata kidogo, Dodoso alimuuliza mumewe faraghani anamwonaje kijana huyo, na Fundi akasema ni sawa tu, akaendelea kufunga kamba za viatu. Binti akaolewa, nyumba ikabaki ya watu wawili na neno lile moja.

Wageni walipokuja, Dodoso aliwasimulia swali la jirani kwa raha zote, na Fundi alisikiliza kutoka kwenye kiti chake kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Lakini Dodoso hakuwahi kumuuliza mumewe swali hilo hata siku moja. Alisema hapendi kuleta kazi nyumbani. Alikuwa anaogopa, basi. Alikuwa amefungua midomo ya watu wengi, akajua kwamba mingine ikifunguka haifungiki tena.

Ndipo benki ikamwita na kumpa kazi kubwa kuliko zote: kusimamia matawi ya nchi zote ilimo, akae makao makuu, safari ya ndege kutoka nyumbani, kwa miaka mitatu. Jibu litolewe Ijumaa. Wenzake ofisini walimpongeza kabla hajasema kitu. Fundi asingeweza kuhama, hilo halikuhitaji utafiti. Karakana aliijenga kwa mikono yake, na nusu ya mji ilileta majokofu yake pale kwa mkokoteni. Jioni ile Dodoso alimweleza mumewe mambo yote mezani, polepole, huku akimwangalia usoni.

"Sawa tu," Fundi akasema. "Nenda." Kisha akaomba asogezewe chumvi.

Siku zilizofuata Dodoso hakufanya kazi ya maana. Alikaa mbele ya kompyuta akitazama orodha za wateja waliotoa saba, na kila mmoja alimwona ana sura ya mumewe. Akienda, atarudi akute akaunti imefungwa kimya kimya, bila ugomvi, na funguo ziko kwa jirani. Asipoenda, hatajua kamwe kama alibakizwa na mtu anayemhitaji au na mtu asiyejali. Alikuwa amewauliza maelfu ya watu mambo ya sabuni, na hili moja hakujua pa kuliuliza.

Alhamisi baada ya chakula walikuwa wameketi mlango wa nyuma, Fundi akichokonoa kidude cha jokofu kwa bisibisi. Dodoso alijikohoza.

"Baba watoto."

"Ee."

"Yule fundi wa redio, jirani yako pale karakana."

"Ana nini?"

"Mke wake akipata kazi mbali. Ya miaka mitatu. Yeye angesemaje?"

Bisibisi ikasimama. Fundi hakuwa mjinga, na kiti chake hakikuwa mbali kiasi hicho na wageni. "Fundi wa redio hana mke," akasema.

"Tuseme anaye."

"Haya. Anaye." Fundi akakiweka kile kidude chini. "Angemwambia sawa tu."

"Na moyoni?"

Fundi akaifuta bisibisi kwa kitambaa. "Moyoni angeona vibaya," akasema hatimaye. "Yule bwana akirudi nyumbani anaulizwa chakula kimekuwaje, mapazia yamekuwaje. Inamchosha. Lakini asipoulizwa, atajuaje kama amekula?"

"Kwa nini asiseme hivyo?"

"Akisema, mke atabaki. Halafu kila siku mke akirudi kazini amenuna, yule bwana atajua ni yeye amemnunisha. Bora aseme sawa tu, ajipikie." Akamgeukia. "Na huyo mke wake je? Yeye angetaka kwenda?"

Katika miaka yake yote ya kuuliza, hakuna mtu aliyewahi kumrudishia swali. Dodoso alifungua mdomo ili aseme kwamba inategemea, kwamba kuna mambo ya kuzingatia.

"Huyo?" akasema. "Huyo ameshafungasha."

Lilitoka lenyewe. Akaziba mdomo kwa mkono, kwa kuchelewa. Fundi akatikisa kichwa polepole, kama anavyofanya akishapata mahali jokofu linapovuja.

"Nilijua," akasema.

"Nipe alama," Dodoso akasema. "Mimi kwenda. Moja hadi kumi. Tafadhali usiwe na adabu."

Fundi akafikiri. "Tatu."

Hapo Dodoso akalia. Fundi akaanza kuomba radhi, akasema basi iwe nne, na Dodoso akamshika mkono asiongeze kitu. Mumewe asingeelewa kwamba tatu ndiyo alama nzuri kuliko zote alizowahi kupewa maishani. Wa tatu hubaki. Wa tatu hurudi kugonga dirisha.

Basi akaenda. Na Fundi, mtu asiye na maneno, kumbe alikuwa nayo mengi sana yamehifadhiwa. Kila jioni alipiga simu kulalamika. Wali umeungua. Binti amekuja kufagia akamhamishia vifaa vyake. Kitanda ni kikubwa mno. Fundi wa redio ameoa kweli, na mkewe anacheka kwa sauti hadi karakana nzima inasikia. Huko makao makuu wafanyakazi walimshangaa mkuu wao, ambaye mchana kutwa alitafuta jinsi ya kupunguza malalamiko, na jioni aliketi na simu sikioni akiyasikiliza kwa uso uliojaa furaha.

Mwaka wa pili, jioni moja, alimuuliza mumewe habari za nyumbani, na Fundi akamjibu kwamba ni sawa tu. Dodoso akamtakia usiku mwema. Kulipopambazuka alikuwa uwanja wa ndege, hana hata sanduku.