Makofi ya Baba Mahakamani

Mteja wangu ameingia ofisini na ovaroli la kiwandani, na chumba kizima kikanuka grisi na pamba. Baba alikuwaga ananuka hivi hivi.

Nilikuwa mdogo kiwanda cha nguo pale Musoma kilipouzwa na wafanyakazi wakaachishwa. Wakaenda mahakamani. Asubuhi ya hukumu, mama alimtolea baba shati la kanisani, naye akalikataa.

"Nikivaa hilo, hakimu atajuaje kuwa mimi ni mtu wa kiwandani?"

Mama akapiga pasi ovaroli.

Tulikaa benchi la nyuma, mimi nimepakatwa na baba, pua yangu kwenye ile grisi ambayo sabuni iliishindwa. Wenzake wengine walikuwa wametoka mpaka Bunda. Hakimu akasoma kwa Kiingereza, akasoma sana. Alipomaliza, wakili wetu akasimama, akainama, akamshukuru.

Shukrani tu ndiyo baba aliyoielewa. Akapiga makofi. Mabenchi yote yakafuata, na mama mmoja akapiga vigelegele.

Hakimu akainua macho, akashangaa. Wakili akageuka polepole.

"Wazee wangu," akasema, "tumeshindwa."

Makofi yakafa. Baba akaiweka mikono yake kichwani pangu, akaiacha hapo mpaka watu wote wakatoka.

Sasa mteja ananiuliza kesho, siku ya hukumu, avae nini.

"Njoo na ovaroli lako," namwambia. "Ukae karibu yangu. Jaji akimaliza kusoma, kabla sijamshukuru, nitakugeukia wewe."