Nilimwandika Mkulima

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, navyo vilinibana mpaka machozi. Nilitoka Iyula kwa miguu hadi Mlowo, nikafika ofisini jasho linanitiririka, nikaambiwa ningoje nje mpaka nikauke. Ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini, maduka yameanza tena kuwa na sabuni na watu wanafungua ofisi zao binafsi. Hii ilikuwa ofisi ya wakala. Ilishughulikia makaratasi ya forodha ya mizigo inayovuka mpaka, na makaratasi ya safari ya watu. Mimi niliajiriwa mhudumu, yaani mtu wa kufagia, kuchemsha chai na kubeba majalada kutoka meza hii kwenda ile. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa.

Nawaandikia ninyi wajukuu zangu, na vijana wengine mnaojaza fomu kwenye simu mkiwa mmelala kitandani, mjue kazi hii tuliifanyaje sisi wa kalamu.

Aliyenifundisha ni Karani Mkuu. Alikuwa mtu wa Kigoma, Mwislamu wa swala tano, mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka ukosi unaweza kukukata shingo. Wiki yangu ya pili alinikuta nimesimama ukumbini nasoma jalada nililotumwa kulipeleka. Nikajua nimefukuzwa. Badala yake akanipa karatasi tupu, akaniambia niandike jina langu kwa herufi kubwa. Akaiinua kwenye mwanga.

"Binti," akasema, "mwandiko wako unasomeka kuliko wa bosi wako. Chai ukishamaliza, njoo ukae hapa."

Nikakaa. Akanifundisha kwamba kila karatasi ndani ya jalada inapewa namba, na karatasi hiyo inaitwa folio; folio moja ikipotea, umempoteza mtu mzima. Akanifundisha kwamba fomu haifutwi kwa mate. Na akanifundisha jambo moja alilolirudia kila wiki kama anahubiri: andika alichokisema mwenye fomu, usiandike unachokijua wewe. Nililishika jambo hilo miaka mingi, halafu nikalisahau. Mtaona.

Baada ya miaka michache ofisi ilihamia Tunduma, kwenye biashara yenyewe. Huko nikawekwa dirishani, na mwenye ofisi akaanza kujiita Meneja. Alikuwa mtu wa tumbo na sauti, mcheshi kwa mteja, mkali kwetu. Malori yalipanga foleni hadi usione mwisho wake. Wazambia walikuja dirishani na "Mwashibukeni, mayo," yaani umeamkaje mama, nami nikawajibu kwa heshima "Eya mukwai," wakacheka Kibemba changu na kukaa.

Kazi ya dirishani ni kujua mtu anahitaji karatasi gani. Anayekaa jirani na mpaka na anakwenda ng'ambo kununua na kurudi, huyo ni wa pasi ya mpakani. Mwenye safari moja ya ghafla na hana pasipoti, huyo ni wa hati ya dharura. Anayekwenda mbali, pasipoti. Hayo nilikuwa nayajua usingizini.

Walionisumbua ni wasanii na wanamichezo, na hao ndio niliowapenda. Dereva ana barua ya mwajiri. Mwalimu ana barua ya mwajiri. Mpiga gitaa anatokea dirishani na gitaa lake tu, ukimuuliza mwajiri wako nani anakuonyesha vidole. Karani Mkuu alinieleza kwamba watu hawa wana milango mitatu ya kuingilia nchi ya watu. Wa kwanza ni kibali cha onyesho au mashindano: umealikwa, unacheza, unarudi kwenu siku iliyoandikwa. Wa pili ni kibali cha kazi, na huo unataka klabu au bendi ikushike kwa mkataba. Wa tatu upo kwenye nchi chache tu, nao ni wa anayejitegemea. Hapo hakuna aliyekuajiri. Unatakiwa kuonyesha kwa karatasi kwamba sanaa yako au mchezo wako umekulisha miaka kadhaa, na kwamba huko uendako utaendelea kukulisha.

Kwa karatasi. Hapo ndipo watu wetu walipokuwa wanakwama, kwa sababu kwetu mpiga ngoma analipwa kuku.

Sasa niwaambie habari ya Atupele. Alikuwa mwanariadha wa mbio ndefu, Mndali wa milima ya Ileje, binti wa mkulima wa kahawa. Mguu wake mwembamba ungedhani utavunjika akikanyaga jiwe, lakini kwenye kilima alikuwa anawaacha wanaume wakishika viuno. Alikimbia kwetu, akavuka akakimbia Zambia na Malawi, na hakuna aliyempa mshahara. Alipewa baiskeli, mbolea, vitenge, mabati. Nyumba ya baba yake yote ameiezeka kwa mabati ya mbio. Na jioni anafundisha watoto wa vijijini kukimbia, wazazi wanamlipa mahindi. Alikuwa akifika dirishani ananiita mama, ananunua chungwa mlangoni, ananigawia nusu. Mtoto ana adabu.

Pasipoti yake nilimjazia mimi fomu. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Siku hizo watu walikuwa wengi, nami nikajitungia njia ya mkato: asubuhi kabla sijafungua dirisha najaza rundo zima la fomu vile visanduku visivyobadilika. Utaifa, Mtanzania. Kazi, mkulima. Huku kwetu nani si mkulima? Mchungaji ana shamba, mwalimu ana shamba, fundi cherehani ana shamba. Kwenye zahanati tunaandikwa wakulima, shuleni wazazi wote wakulima. Haikuwa uongo, kwa hiyo sikumuuliza mtu. Atupele akaja, nikachukua fomu ya juu ya rundo, nikaongeza jina lake. Pasipoti ikatoka imeandikwa mkulima, akatembea nayo miaka bila mtu kuiangalia mara mbili.

Kisha akapata habari za Kanada, kwamba mlango ule wa tatu uko wazi kwa wanamichezo wanaojitegemea. Akaomba. Baada ya miezi mingi ikaja barua ya Kiingereza kutoka ubalozi wa Kanada ulioko Nairobi. Karani Mkuu akaisoma polepole, akavua miwani. Walikuwa wanauliza: unasema unaishi kwa riadha, mbona pasipoti yako inasema mkulima, na mbona hakuna risiti hata moja ya ulichopata? Aeleze kwa maandishi ndani ya siku thelathini, la sivyo jalada linafungwa.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya birika. Atupele alikuwa amesimama pale pale, ana vumbi la njia mpaka magotini. Nikamwambia ukweli, kwamba neno lile niliandika mimi hata kabla hajafika mlangoni.

Akaniangalia. "Lakini mama, si nalima kweli?"

"Unalima. Ila Kanada hawakuiti ukapalilie mahindi."

Akacheka, na kicheko chake kikaniuma kuliko kama angenitukana.

Meneja aliposikia aliniita ofisini akafunga mlango. Alitaka tuandike kwamba msichana mwenyewe ndiye aliyesema ni mkulima, na sisi tuliandika tulichoambiwa. Nilimwambia kwamba hapo tutakuwa tumemfanya mwongo, na ubalozi ukishamshika na uongo mmoja hautamsikiliza tena.

"Mama Lusubilo," akasema, "ofisi yangu haikosei. Ukiandika kwamba ilikosea, nani atakuja tena dirishani kwako?"

Nikatoka. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, na mume wangu alikuwa ameshafariki. Nikaenda kwenye meza ya Karani Mkuu, nikamweleza yote. Mzee yule alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na angeweza kujifanya hajasikia. Akavuta karatasi.

"Tutaandika hati ya kiapo," akasema. "Herufi kubwa. Anza na jina lako, halafu andika ulivyokosea."

Hati ya kiapo ni maelezo unayoyaapia mbele ya hakimu. Ukidanganya humo umetenda kosa la jinai. Niliandika mwenyewe: kwamba mimi, mwenye darasa la saba, nilijaza neno mkulima kabla sijamwona mwombaji, kwa mazoea, na kwamba hakulisema yeye. Nikapanda gari hadi Vwawa, nikaapa mbele ya hakimu.

Ikabaki suala la risiti. Karani Mkuu akasema mabati hayana risiti, lakini yana watu walioyatoa, na watu hao wanajua kuandika. Basi nikaomba likizo yangu ya mwaka, mimi na Atupele tukaanza kuzunguka. Mlowo tukamkuta mnunuzi wa mazao aliyetoa baiskeli. Akaandika kwa nini aliitoa na nani aliyeshinda. Chitete barabara ilikuwa tope, tukashuka kusukuma gari, tukapata barua ya waliotoa vitenge. Ileje wazazi wa watoto anaowafundisha walikuja kwa mtendaji wa kijiji mmoja mmoja, kila mmoja akisema ametoa mahindi kiasi gani, mtendaji anaandika na kugonga mhuri mpaka wino ukamwishia. Baba yake hakutaka kuandika. Alitaka apigwe picha amesimama chini ya paa lake, kofia mkononi. Tukampiga. Picha hiyo niliipa namba kama folio nyingine zote.

Jalada lilipofika ubalozini zilikuwa zimebaki siku nne.

Meneja hakunifukuza, kwa sababu Karani Mkuu alimwambia nikitoka mimi na yeye anatoka. Lakini aliniondoa dirishani akanirudisha kwenye birika. Nikachemsha chai miezi minane, na wadogo niliowafundisha wakawa wananituma sukari. Sikulalamika. Mtu niliyemkosea alikuwa bado hajajibiwa.

Atupele aliitwa Nairobi kwa mahojiano. Aliporudi alinisimulia kwamba afisa aliisoma ile hati ya kiapo mara mbili, akamuuliza huyu mwanamke anayejishtaki mwenyewe ni nani wake. Akajibu kwamba ni mama aliyemjazia fomu. Afisa akahamia kwenye picha ya baba, akauliza mabati yale yote ni ya mbio ngapi, naye akaanza kuzitaja moja moja, mji na mvua na aliyekuja wa pili, mpaka akaambiwa inatosha.

Alikubaliwa. Siku ya kuaga hakupita dirishani. Alikuja moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye ndoo niliyoipindua, akanywa chai yangu. Wateja walimwona, wakauliza, wakaambiwa. Wiki iliyofuata mcheza sarakasi kutoka Mbeya alikuja anamtaka yule mama aliyeapa. Kisha wanamuziki wawili wa ng'ambo ya mpaka. Wakawa wanajipanga mlango wa jikoni. Meneja alivumilia kama mwezi, kisha akaleta meza na kiti, akaviweka karibu na dirisha bila kunitazama, akasema hiyo ni ya wasanii na wanamichezo. Ndiyo msamaha wake huo, na nilimheshimu kwa hilo, maana kwa mtu wa sauti ile kusema maneno machache hivyo si kazi ndogo.

Meza hiyo niliikalia hadi nilipostaafu. Nimewapitisha wakimbiaji, waimbaji, wachonga vinyago, mabondia. Wengi walikwenda wakarudi, wengine hawakurudi, na sijui hata mmoja aliyekuwa mvivu. Watu wanadhani msanii ni mtu aliyekosa kazi. Mimi nimezisoma kazi zao folio kwa folio, na nasema hakuna mwajiriwa ninayemjua aliyetoka jasho lile.

Msichana aliyerithi meza yangu nilimwachia agizo moja: kisanduku cha kazi kikae kitupu mpaka mtu aketi mbele yako umuulize. Mwaka uliofuata nilipita kuwasalimia, nikamkuta ana mzee wa Kinamwanga, mpiga zeze, amealikwa ng'ambo na hajawahi kujaziwa fomu isiyo ya zahanati. Msichana akamuuliza, "Babu, kazi yako nini?" akangoja, kalamu juu. Mzee akamtazama, akanitazama mimi. Kisha akaliweka zeze mapajani, akasema polepole, kama anayetaja jina la mtu wake kwa mara ya kwanza mbele ya wageni:

"Mimi ni mwanamuziki."