Dobi wa Mlandege Agombea Kiti cha Baraza la Mji

IRINGA, Oktoba 1959 – Asubuhi na mapema, upepo umeshaanza kurusha vumbi katika mtaa wa Mlandege. Mwanakhamisi binti Jaha anaipa kisogo barabara ili vumbi lisifikie shati jeupe lililotandazwa mbele yake. Anapuliza makaa ndani ya pasi, analowesha ncha ya kidole, anagusa chuma. Chuma kinalia. Anatabasamu na kuishusha pasi kwenye kola.

Wanawake watatu wanapita na madebe matupu kichwani. Mmoja anapaza sauti kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene, Diwani!"

"Diwani wapi? Kura bado!" anajibu bila kuinua macho.

"Kwetu zimeshapigwa!" Wanaondoka wakicheka, na kigelegele kinasikika hadi kona ya soko.

Hivi ndivyo Mlandege ilivyo wiki hii. Jumamosi wakazi watachagua mtu wa kuwasemea katika Baraza la Mji. Wagombea ni wawili. Mmoja ni Bwana Edmund, fundi seremala anayeheshimika. Wa pili ni huyu mama dobi, mjane, mwanamke wa kwanza kuomba kiti hicho mtaani hapa. Watu hawana mazungumzo mengine, iwe kilabuni, msikitini au kanisani.

Mwanakhamisi alizaliwa Kilosa. Aliletwa Iringa na mumewe, Muhidini, aliyekuwa dobi. Muhidini alipofariki, jamaa walimshauri arudi kwao. Alikataa.

"Niliwaambia, mume wangu ameniachia pasi na ameniachia wateja. Kilosa nitakwenda kupiga pasi nguo za nani?" anasema.

Kazi yake haiwezekani bila maji, na hapo ndipo siasa ilipomkuta. Mlandege ina bomba moja tu. Tangu kiangazi kianze, bomba hilo hufungwa saa nne asubuhi. Anayechelewa hushuka hadi Mto Ruaha Mdogo, kisha hupanda ule mteremko mkali na debe kichwani.

Mwezi Agosti, rafiki yake Severina, mkulima wa mtaa wa Kihesa ambaye humsaidia kufua, aliteleza kwenye mteremko huo. Debe lilimwangukia, akavunjika mguu.

"Nilimsikia akilia kabla sijamwona," anasimulia Mwanakhamisi, na kwa mara ya kwanza anaiweka pasi pembeni. "Tulimbeba kwa kanga, wanawake wanne, mpaka hospitali. Njia nzima ananiuliza, 'Dada, nani atanivunia mahindi yangu?'"

Kesho yake alikwenda ofisi ya mji. Karani alimsikiliza kwa adabu, akamwambia kwamba malalamiko ya mtaa huletwa na diwani wa mtaa.

"Nikamuuliza, diwani wetu ni nani? Akasema bado hamna, uchaguzi unakuja. Basi! Niliingia pale mlalamikaji, nikatoka mgombea."

Si wote waliofurahi. Shemeji yake, Isihaka, fundi viatu na mkubwa wa familia, alikuja nyumbani akiwa amekasirika. Alimwambia kwamba mke wa marehemu ndugu yake hatasimama mbele ya wanaume kupiga kelele. Aligoma kula chakula chake, akaacha hata kupita mlango wake.

"Hilo ndilo lililoniuma," anasema Mwanakhamisi. "Maneno ya watu baki nayameza. Lakini shemeji ndiye aliyekuja kwetu kumposea ndugu yake, ndiye aliyemzika mume wangu."

Jumapili iliyopita, alasiri, ulifanyika mkutano wa wagombea katika uwanja ulio karibu na soko. Umati ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vijana walipanda juu ya paa za vibanda. Edmund alizungumza kwanza, akiwa amesimama juu ya kreti. Aliahidi soko lenye paa na mitaro ya kupitisha maji ya mvua. Alipigiwa makofi mengi.

Ilipofika zamu ya Mwanakhamisi, kreti ilivunjika alipoweka mguu tu. Watu wakaangua kicheko. Mtu akapiga mluzi. Mama wa watu akabaki amesimama chini, hamwoni mtu na mtu hamwoni.

Ndipo umati ulipopasuka katikati. Isihaka alikuwa anakuja, amebeba meza ya kazi yake kichwani, jasho linamtiririka. Akaitua mbele ya shemeji yake, akaitikisa kuona kama imekaa sawa.

"Panda, shemeji," alisema. "Ukiamua kusema, basi sema uonekane."

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mwanakhamisi alipanda huku akifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mzee Sedekia, katekista mstaafu, alinyoosha mkono na kuuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: "Mama, kule barazani wanazungumza Kiingereza. Wewe utasemaje?"

"Baba yangu, nitaomba mkalimani," alijibu. "Lakini nami nikuulize: hili bomba letu likikauka, hukauka kwa Kiingereza?"

Mzee Sedekia alicheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Edmund naye alicheka, akampigia makofi mpinzani wake.

Nilipomuuliza Isihaka kilichombadilisha, alikuna kichwa kwanza. "Nilikwenda hospitali kumwona Severina," alisema. "Aliniuliza, 'Kama shemeji yako akinyamaza, utasema wewe?' Nikajijua kwamba nisingesema."

Asubuhi iliyofuata mkutano, saa nne ilifika na mlinzi hakuja kufunga bomba. Saa sita, bado maji yanatoka. Wanawake walisimama na madebe yaliyojaa, hawataki kuondoka, kana kwamba wakigeuka maji yatakatika. Hatimaye mlinzi alifika na kueleza kwamba ofisi imemwagiza aliache wazi mpaka jua litue. Walicheza ngoma palepale kwenye matope.

"Na kura hazijapigwa!" anasema Mwanakhamisi, macho yakimng'aa. "Sasa tukipata kiti je?"

Akishinda, anataka mabomba mengine mawili, moja upande wa Kihesa. Mipango yake haianzii mezani, hata hivyo.

"Siku ya kwanza nitawaomba waheshimiwa wote tushuke mtoni, kila mmoja na debe lake," anasema. "Tujaze, tupande nayo mpaka juu. Wakishapumzika, ndipo tufungue kikao."