Watoto wa Kwao

Mpango wa kwanza ulikuwa wa Baba mwenyewe. Naliweka hili mbele kwa sababu nyumbani hadi leo wanasema mimi ndiye niliyevuruga safari. Sikuvuruga kitu. Nilitekeleza mpango wa kwanza baada ya wenyewe kuutupa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, milima ya kwetu Ngara imejaa maturubai. Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi Kibimba likizo. Dada yangu mkubwa alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza kambini. Aliolewa na kijana aliyevuka na watu wake pale daraja la Rusumo, akaja kulima kibarua kwenye migomba yetu, wakapendana. Baba hakukubali. Alisema, "Mtu asiye na kwao ataoaje binti wa watu?" Dada akafunga nguo zake kwenye kitenge, akamfuata mumewe kambini. Tangu hapo Baba akitaka kumtaja alikuwa anasema "yule."

Sasa yule akatuma ujumbe kupitia mama mmoja anayenunua ndizi kijijini kwetu. "Jumamosi mtoto anapewa jina. Watu wazima wakae kama hawataki. Nitumieni watoto tu."

Kwa watu wa shemeji, mtoto mchanga anakaa ndani na mama yake mpaka siku ya kupewa jina. Siku hiyo wanaitwa watoto. Wanapewa majembe, wanalima kidogo kama mchezo, halafu wanaketi kuzunguka ungo wanakula, na wakishiba kila mmoja anataja jina. Baba wa mtoto atachagua lake baadaye, lakini watoto wasipokula hakuna kinachoendelea. Watoto kambini walikuwa wengi kuliko majani. Ila dada alitaka wa kwao. Majirani zake walishaanza kumuuliza kama na yeye aliokotwa njiani. Kama kwenye ungo wangekuwepo watoto wa jirani peke yao, wangekuwa wamepata jibu.

Baba aliusikiliza ujumbe akiwa ameshika kikombe. Mwisho akasema, "Basi tutaenda wote. Jumamosi alfajiri, na gari la mjomba wenu. Tukitoka huko tunalala kwa shangazi yenu Rusumo. Jumapili tunasali huko huko, tunarudi." Mama aliinama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito mpaka mgomba wa karibu na jiko hauonekani. Mimi niliwaamsha wadogo zangu gizani, nikawaosha. Walikuwa watatu: mdogo wangu wa kiume wa darasa la pili, mdogo wangu wa kike anayemfuata, na mtoto wa shangazi aliyekuwa anaishi kwetu. Tukakaa barazani kusubiri. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa anatoka Runazi na pikapu ya mahindi ya kuuza soko la kambini. Tukasubiri. Mdogo wangu wa kike akaanza kutetemeka midomo, na hapo Baba akapata mpango wa pili.

"Hawa wabaki. Tutaenda wakubwa. Baridi hii si ya watoto."

"Baba, ujumbe ulisema watoto," nikasema.

"Nimeongea na wewe?"

Mjomba akafika akipiga honi kama bwana harusi.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, marahaba. Mbona mmejipanga hivyo kama mnasubiri maiti? Pandeni!"

"Shemeji, watoto hawaendi," Baba akasema. "Baridi."

"Baridi gani? Wakae juu ya mahindi, niwafunike turubai. Gunia la mahindi lina joto kuliko mke."

"Kaka, watoto wanasikia," Mama akamwambia.

"Wasikie! Si wataoa?"

Baba alicheka bila kupenda, na akishacheka hawezi tena kukataa. Tukapanda. Mama na Baba mbele, sisi nyuma. Nisiseme uongo, mahindi hayakuwa na joto lolote. Upepo uliingia chini ya turubai ukatukuta mmoja mmoja. Nilivua sweta langu la shule nikawavisha wawili kwa pamoja, kila mmoja mkono wake mmoja, na yule wa kiume nikamtia ndani ya gunia tupu mpaka kidevuni. Akasema, "Nikifa baridi, mwambieni dada nilikuwa nakuja." Nikamwambia anyamaze, hakuna anayekufa.

Kwenye njia panda Mjomba alisimamisha gari wanywe chai. Baba akaongea na matingo wa malori yanayotoka mpakani. Aliporudi, uso wake ulikuwa na mpango wa tatu.

"Kambini kuna kuhara. Mjomba wenu atashusha mahindi sokoni, kisha moja kwa moja Rusumo. Hakuna mtoto atakayeshuka garini."

"Na dada?"

"Tutaenda siku nyingine."

"Jina linatolewa leo. Hakuna siku nyingine."

"Wewe, hiyo shule ndiyo inakufundisha kujibu?"

"Inanifundisha kushika siku. Ulisema Jumamosi."

Akashusha turubai kwa nguvu, tukabaki gizani.

Sikudharau ugonjwa. Watu walikuwa wanakufa kweli na mimi nilijua, shuleni tulikuwa tumefundishwa unavyoingia na unavyozuiwa. Lakini nilimjua pia Baba. Kama si baridi ni kuhara, kama si kuhara ingekuwa mafuta ya gari. Wakubwa wanageuza mpango kama mtu anavyogeuza mhogo motoni, na anayesubiri upande wa pili hawamuoni. Mimi nilimuona. Nilimuona dada amekaa kwenye mlango wa turubai na mtoto, anahesabu kila anayepita njiani.

Sokoni Baba na Mjomba wakaingia kwenye banda la mnunuzi kubishana juu ya mizani. Nikafungua turubai, nikawashusha watoto mmoja mmoja. Mguu wangu wa mwisho ulipogusa chini, Mama alikuwa amesimama hapo, ameshika kibuyu cha maziwa.

Nilifikiri atanirudisha.

"Haya nimeyachemsha nyumbani," akasema. "Wasinywe kitu kingine. Chakula kiwe cha moto. Na wanawe kwa sabuni."

"Twende wote, Mama."

"Nikienda, baba yako atakuta gari tupu. Nendeni."

Akarudi mbele, akafunga mlango taratibu.

Kwenye kijia cha kuingilia kambini alisimama mgambo amejifunga blanketi la kijivu.

"Nyie mnaenda wapi?"

"Kula," akajibu mdogo wangu wa kiume, kabla sijafungua mdomo.

Mgambo akacheka mpaka blanketi likamteleza. "Watu wa humu wanatoka nje kutafuta chakula, nyie mnaingia humu kula?"

"Ni mtoto wa dada yetu," nikasema. "Anapewa jina. Tumechelewa."

Alituangalia, sweta moja kwa watu wawili, na kibuyu. "Piteni. Na mkimaliza mtoke kwa njia hii hii niwaone."

Kibanda cha dada tulikipata kwa kuuliza uliza. Nje walikuwepo wanawake majirani, na watoto wengi wamekaa mbali kidogo na ungo uliofunikwa. Mama mkwe wa dada, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, alikuwa anawazuia kwa mwiko. Kihangaza chetu na lugha yao vinasikilizana, kwa hiyo nilielewa jirani mmoja alipomwambia, "Waache watoto waanze kula. Hao wa kwao hawaji. Kwani wapo?"

"Shikamooni," nikasema kwa sauti, kama mtu anayeitika jina darasani.

Wote waligeuka. Ndani ya mlango dada aliinua kichwa. Alimshika mtoto kwa nguvu zaidi, basi.

Mama mkwe alirusha mwiko. "Nilisema! Si nilisema? Leteni majembe!"

Hapo ndipo wadogo zangu walipoleta kasheshe. Ule kulima ni mchezo: unagusa udongo mara mbili tatu, mtu mzima anakunyunyizia maji, anapiga kelele kwamba mvua imekuja, unakimbia nyumbani. Lakini hawa walikuwa watoto wa Kibimba, walishalima tangu wanaanza kutembea. Wakapewa jembe, wakalima. Mdogo wangu wa kiume alishika mstari pembeni ya kibanda akashuka nao, akang'oa na maharage ambayo yule mama mkwe, bibi wa mtoto, alikuwa ameyapanda kwenye kipande kile kidogo cha ardhi. Bibi akawamwagia maji. "Mvua! Mvua! Kimbieni!"

Hakuna aliyekimbia.

"Mvua imekuja nyie!"

"Bado hatujamaliza mstari," mdogo wangu akajibu, maji ya baridi yanamtiririka shingoni.

Wanawake wale walicheka wakashikana mabega. Yule jirani aliyeuliza kama wapo ndiye aliyecheka zaidi, akasema, "Huyu mama ana kwao. Kwao ni kwa wakulima." Bibi aliyatazama maharage yake yaliyolala chini, akatikisa kichwa. "Basi, basi, mmelima. Njooni mle kabla hamjafika kwenye kibanda cha jirani."

Niliwanawisha kwa sabuni, bibi akapasha upya maharage ya kwenye ungo mpaka yakatoa moshi, wakakaa kuzunguka ungo pamoja na watoto wa kambini, goti kwa goti. Walikula kwa mikono, wakanywa maziwa ya Mama. Kisha wakaulizwa majina. Mtoto mmoja wa kambini akasema "Daraja." Mdogo wangu wa kike akasema "Jumamosi." Yule wa kiume akafikiri sana, meno yanagongana. "Blanketi," akasema. Shemeji, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote kama mgeni, aliinama akamshukuru kwa mikono miwili.

Halafu dada akatoka nje na mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alisimama mwangani mbele za watu. Akawagusa wadogo zake kichwani mmoja mmoja, akawaambia majirani, "Hawa ni wa kwetu." Alisema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida.

Tuliporudi sokoni Baba alikuwa amesimama nyuma ya pikapu, mikono mgongoni. Mama alikuwa anatazama mbele. Tukapanda, Mjomba akawasha gari mpaka Rusumo.

Kwa shangazi kulikuwa na moto jikoni. Baba alisubiri watoto wapewe chai, ndipo akaniita.

"Nani alikuruhusu?"

"Wewe. Ulisema Jumamosi twende, tukaenda."

"Nilibadilisha!"

"Mimi sikubadilisha."

"Wakiumwa?"

"Nitawauguza mimi. Wamenawa, wamekula cha moto." Nilisogea hatua moja mbele. "Ukitaka kunipiga, nipige. Ila chakula kimeshaliwa, Baba. Hutaweza kukirudisha kwenye ungo. Yule mtoto ana kwao, na kambi nzima imeona."

Shangazi alishika mdomo. Nilingoja kofi. Baba akavuta kigoda akakaa upande mmoja wa moto. Hakuniambia nikae wala niondoke. Nikavuta kigoda changu, nikakaa upande wa pili, nikaota moto bila kuinamisha kichwa.