Vibao vya Dirisha la Sebuleni

Baba yangu alipiga kwa mpira wa kufungia magunia, ule mweusi uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na alipiga mgongoni tu. Mgongo unafunikwa na kanga. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu Singida mjini, lori lake likienda Misigiri na kurudi, na mtu mwenye heshima yake hampigi mkewe usoni. Nayasema haya bila haya. Amekufa, nimemlilia, na hasira zangu kwake bado hazijaisha.

Na nilimpenda sana, hilo nalo niliseme. Aliniletea biskuti, akanipakata, na mimi nikamwambia kila kilichotokea nyumbani akiwa safarini.

Zamani tulipanga vyumba viwili karibu na soko. Huko majirani walisikia, na kipigo kikizidi mmoja wao alibisha hodi kuomba chumvi asiyoihitaji. Siku moja mama alinishika mkono tukaenda kwa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyeamua mambo ya ukoo.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nani ameona?"

Mama alikuwa hajasema hata neno moja la lililomleta. Alipofungua mdomo, akakatizwa.

"Kusikia si kuona, shemeji yangu. Mtu huweza kulia kwa jino. Siku ukimpata aliyeona kwa macho yake, njooni wote."

Tukarudi. Jioni ile baba alikuwa ameshaambiwa, na mpira ukafanya kazi hadi mama akajikojolea.

Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yaliyokuwa na viberiti na sabuni ya magadi yakajaa vitu kutoka Dubai, na baba akajenga nyumba pembeni ya mji, chini ya jiwe kubwa, madirisha ya vioo mapana kama milango. Upepo wa Singida mnaujua: humnyang'anya mtu neno mdomoni. Jirani wa karibu hakuweza kusikia hata jogoo wetu. Wageni waliisifu nyumba, mama akawa anapungua mwili.

Tulikwenda dukani watatu kuchagua vya kuziba yale madirisha. Mwenye duka, mzee wa Kimanga aliyekulia hapo hapo mjini, akatandaza vya aina tatu: velveti nzito rangi ya damu ya mzee, neti nyeupe ya maua, na vibao vya bati jembamba vilivyopangwa kwenye kamba, vyenye kijiti cha kuvizungushia. Baba alikwisha kuishika velveti. Neti, alisema, ni ya watu wanaotaka kuonyesha wanakula nini.

Mama akaomba vibao vining'inizwe mlangoni. Akazungusha kijiti huku, akakizungusha kule. Kisha akachuchumaa sakafuni, mtu mzima na buibui lake, akatazama juu.

"Ushamba wa Sepuka haujamtoka," baba akamwambia mwenye duka, wakacheka. Nami nikacheka.

Mama akainuka akijikung'uta. "Baba watoto, tuchukue hivi. Velveti na vumbi la huku nitakufa kwa mafua. Na ofisini kwa wakubwa, si wanaweka hivi?"

Hilo la wakubwa lilimkolea. Fundi alipomaliza kuvifunga, baba alinisimamisha sebuleni na kanga nyekundu mkononi, akatoka hadi barabarani kutazama. Akarudi amefurahi. "Hata shetani haoni kitu!"

Hakupanda juu ya jiwe. Lile jiwe lilikuwa la wanawake, kila mavuno waliupura mtama wao pale kwa fimbo ndefu, na mwanamume wa mjini hakuwa na sababu ya kuinua macho kuwatazama.

Jua la adhuhuri lilipita kati ya vibao likaanguka kwenye zulia jipya. Mimi nililiona linapauka. Kila nikitoka shule nilizungusha kijiti, vibao vikageukia chini, sebule ikawa na giza zuri. Mama alivirudisha. Nikavigeuza tena. Siku ya tatu au ya nne alinizaba kofi nikaona nyota. Ndilo kofi lake pekee kwangu maishani. Hakusema sababu, nami nikaendelea kuvigeuza kila alipokwenda jikoni. Wiki tatu nzima baba alimpiga mle gizani, huku juu ya jiwe fimbo zikisikika kwa mbali, pu, pu, pu.

Halafu nikaugua malaria, nikalala siku mbili bila kwenda sebuleni. Siku ya pili baba alirudi na lori lenye vitunguu vilivyooza, akaanza mchana kweupe. Nilijikokota hadi mlangoni. Mama hakukimbilia jikoni kama zamani. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka chini ya dirisha, akajilaza pale penye mistari ya jua, kanga ikamdondoka mgongoni. Mpira ulishuka. Ngozi ikachanika. Baba aliushusha tena na tena, akihema, na mimi nikatambua kwamba fimbo za juu zimenyamaza.

Waliingia bila hodi. Walikuwa sita, makapi ya mtama kichwani, fimbo mkononi. Walimpura baba pale pale juu ya zulia, wakipokezana kama wanavyopokezana kwenye mtama, bila kelele wala matusi. Mkono wake wa kulia ulivunjika, haukunyooka tena mpaka anakufa. Nilimlilia baba, si mama.

Kwenye kikao cha ukoo baba mkubwa aliuliza lile swali lake. Wanawake sita wakasimama. Mkubwa wao akasema, "Sisi. Kutoka juu, vile vibao vinaonyesha sakafu yote." Mama akapewa talaka yake, tukaenda Sepuka kwa wazazi wake.

Miaka mingi baadaye, nikimkanda mgongo ule wenye makovu, nilimuuliza kwa nini hakuniambia niviache vibao.

"Ungemwambia baba yako," akasema.

Na kweli, ningemwambia.