Mama Aliyenishika Mkono Kituo cha Tramu

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, kisha anisikilize. Haya sikuhadithiwa. Yalinipata mimi, muuza magauni wa Morogoro, mama wa watoto wawili, na kanisani sikosi. Wala haikuwa usiku. Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, Guangzhou.

Nilikuwa nimetua siku chache tu. Asubuhi nilikwenda mtaa wa Kangle kwa laobani wangu, bosi wa karakana inayonishonea magauni. Nikiwa pale nikaanza kusikia baridi. Baridi gani, na joto lile la kuchemsha watu? Nikajidanganya ni kiyoyozi. Simu nilikuwa nimeisahau chumbani kwenye chaji. Nikapanda tramu, ile treni ndogo ya umeme inayopita kando ya mto, nikidhani upepo utanisaidia. Kichefuchefu kikanizidi, nikateremka kituo kidogo tu, paa na benchi. Nikaketi. Kuinuka tena, miguu ikakataa.

Tramu zikapita. Watu walishuka, wakanitazama, wakafungua miavuli, wakaenda zao. Siwalaumu. Nani angejua kama naumwa au nimechoka tu?

Ndipo nikasikia, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa: "Mwanangu, mbona watetemeka?"

Ubavuni pangu ameketi mama wa makamo, kavaa baibui. Sikumwona akija. Lakini niambie, ukiumwa ugenini ukasikia lugha yako, utauliza mwenye nayo kapitia wapi?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto kushinda homa yangu. "Hii ni malaria, umekuja nayo. Watakwambia ni mafua, wakupe vidonge ukalale. Usikubali! Waambie watoka Afrika, wakupime damu. Ukilala leo huamki."

"Nitafikaje huko, mama? Hata simu sina."

"Nishampigia mwenzio. Yuaja."

Kila nilipofumba macho alinifinya kiganja. Aliniuliza majina ya wanangu, nikamtajia, akataka nimtajie tena, na tena. Niamini, bila vidole vile nisingekuwa hai.

Mwishowe teksi ikasimama, akashuka Mama Neema, mwenzangu wa Mbeya tuliyepanga naye chumba. Yule mama akainuka anipishe. Upepo ukapeperusha baibui, nikaona miguu yake. Kwato! Nyeusi, zimepasuka katikati kama za ng'ombe, zimekanyaga sakafu iliyolowa. Akaniangalia kwa haya, kama mtu aliyeonekana na nguo iliyochanika.

"Nenda, mwanangu," akasema. Nikapepesa macho, hayupo.

Mtasema ni homa. Haya, nielezeni hili. Mama Neema alikuwa sokoni Zhanxi, ananunua viatu. Alipigiwa kwa namba yangu na mwanamke mwenye lafudhi ya Tanga, akaelekezwa kituo mpaka benchi. Na simu yangu tuliikuta chumbani, kwenye chaji, mlango umefungwa, na funguo tunazo mimi na yeye tu.

Hospitali, daktari kijana alisema mafua. Nikang'ang'ania nipimwe damu, nikarudia neno Afrika mpaka akacheka. Majibu yalipotoka hakucheka tena. Alikimbia mwenyewe kutafuta dawa.

Mchungaji wangu aliniambia nimkemee yule mama kwa jina la Yesu. Nitamkemeaje aliyenirudisha kwa wanangu? Namshukuru Mungu, naye namshukuru. Mpaka leo kiganja alichokifinya kina joto kuliko kingine. Mume wangu amekizoea. Kila safari nateremka kituo kile, nasema kwa sauti, "Asante, mama. Watoto hawajambo." Wachina hunishangaa. Hajawahi kunijibu.

Nawe unayesafiri nakuonya: homa ya ugenini usiilalie, sema ulikotoka. Na siku utakapokuwa peke yako, akatokea wa kukushika mkono, mpe mkono. Usianze kumkagua miguu.