Mama Kwenye Jalada

Mbunifu wa jalada alinitumia twiga. Kitabu changu cha mashairi kinamhusu mama yangu na shamba la migomba la ukoo wake, huko juu ya Mkuyuni. Twiga hayumo hata kwa bahati mbaya. Nikamwandikia. Akaleta jua likizama. Nikamwandikia tena, safari hii bila salamu, akaleta Milima ya Uluguru inavyoonekana kutoka mjini, upande ambao sisi tunauona tukija hospitali tu.

"Kaka, kwani milima si ndiyo hiyo hiyo?" aliniuliza kwenye simu. Nilimkatia.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Mama hajui kusoma. Katika kitabu kizima, atakachokielewa mwenyewe bila kusomewa ni jalada peke yake, na nilitaka liwe lake. Nikaamua kupanda mwenyewe nikampige picha.

Kosa langu lilikuwa kumpa taarifa. Nilimkuta ameshaoga, amejipaka mafuta, kitenge kipya, viatu alivyovaa kwenye harusi ya dada yangu. Kiti kilikuwa uani, kimetandikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya piga, kabla jasho halijanitoka."

Nikamwomba avae nguo za shamba, ashike na jembe. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mtu hupigwa picha amependeza, mwanangu. Unataka waseme sina mtoto?"

Nilibembeleza mpaka nikachoka. Nikampiga hivyo hivyo, mikono juu ya magoti, uso ameukaza. Jioni ile nilimtumia mbunifu kwa simu, akasema ni picha ya kitambulisho. Kwa mara ya kwanza tulikubaliana, na hilo likaniudhi zaidi.

Asubuhi yake, kabla sijashuka mjini, nilipita shambani kumuaga. Alikuwa ameinama kwenye mteremko, khanga imechanika mgongoni, matope mpaka magotini, ukungu umemzunguka. Hakuniona. Nikatoa simu nikapiga. Ilikuwa nzuri kuliko shairi lolote nililowahi kuandika, na nilijua angeikataa. Ndiyo maana sikumuuliza.

Kitabu kilipotoka, watu mjini walilisifu sana jalada. Nakala ya kwanza nilimpelekea yeye. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiangalia muda mrefu, akapitisha kidole pale khanga ilipochanika. Nilisubiri anigombeze. Ningeshukuru angenigombeza.

Aliinuka, akashusha kalenda ya mwaka jana ukutani, akatafuta mkasi. Akakijalidi kitabu kama alivyokuwa akinijalidia madaftari ya shule, upande mweupe nje, pembe amezikunja vizuri. Picha yote ikafunikwa. Akakiweka mezani, akakisawazisha.

"Vingine viko wapi?" akaniuliza, mkasi ungali mkononi.